Sura ya Nne: Mistari ya Katikati

Mkataba unasema shilingi 800,000 kwa mwezi. Umesaini, umepiga picha ukurasa wa mwisho, umemtumia mama. Mwezi unaisha, simu inalia, ujumbe wa benki unasema zimeingia 540,000. Hakuna aliyekuibia, pengine. Sura hii inalihusu hilo neno "pengine".

Mfanyakazi mpya akipewa salari slipu husoma mistari miwili: wa juu kabisa, wenye mshahara aliouzoea kwenye mkataba, na wa chini kabisa, wenye fedha iliyoingia benki. Ya katikati anaiona kama mambo ya mhasibu. Lakini kila mstari wa katikati ni fedha yako iliyotolewa kwa jina lako na inayopaswa kufika mahali fulani kabla ya tarehe fulani. Mhasibu anaweza kuwa amekosea hesabu. Mwajiri anaweza kuwa amekata bila kupeleka. Hayo mawili hayaonekani kwenye mstari wa chini hata ukiusoma mara mia.

Na kama hujawahi kupewa slipu, anzia hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara aambatanishe kila malipo ya mshahara na maelezo ya maandishi. Hata kama fedha inakwenda moja kwa moja benki, maelezo hayo unapaswa kuyapata. "Hapa kwetu hatutoi slipu" si utaratibu wa kampuni. Ni kasoro ya kampuni.

Tuchukue mwalimu wa shule binafsi Morogoro, ajira yake ya kwanza, aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB. Hana posho yoyote, kwa hiyo mshahara wake wa msingi na mshahara ghafi ni kitu kimoja. Slipu yake, tukiondoa nembo na muhuri, inasomeka hivi:

Mshahara ghafi: 800,000
NSSF: 80,000
PAYE: 60,000
HESLB: 120,000
Jumla ya makato: 260,000
Mshahara halisi: 540,000

NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, imekatwa kwa asilimia 10 ya mshahara ghafi, na hapo hakuna utata. Bodi ya Mikopo imekata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo haina utata ingawa inauma. Mstari wa PAYE ndio unaowashinda watu, kwa sababu 60,000 si asilimia ya kitu chochote unachokiona kwenye karatasi. Si asilimia 8, si 20, si 30.

PAYE, yaani Lipa Kadri Unavyopata, ni kodi ya mapato ya ajira ambayo mwajiri huikata kabla hujapokea chochote na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Haihesabiwi kwenye 800,000. Mchango wako wa hifadhi ya jamii huondolewa kwanza, ndipo kinachobaki kitozwe kodi. Kwa mwalimu wetu kinachobaki ni 720,000. Kiasi hicho hupitishwa kwenye viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021: shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu, kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kila shilingi inayozidi milioni moja ni asilimia 30.

Basi piga hesabu. Shilingi 270,000 zimepita bure. Shilingi 250,000 zinazofuata zimetozwa asilimia 8, ni 20,000. Zimebaki 200,000 za kufikisha 720,000, nazo zimetozwa asilimia 20, ni 40,000. Ishirini na arobaini, sitini. Mhasibu wa shule hii yuko sawa.

Angekosea wapi? Kosa ninalolishuku kwanza kila ninapotazama slipu ya mtu ni la mpangilio: kodi kuhesabiwa kwenye mshahara ghafi badala ya baki baada ya NSSF. Kwa mwalimu huyu PAYE ingekuwa 78,000. Tofauti ni 18,000 kwa mwezi, 216,000 kwa mwaka, na hakuna kengele itakayolia popote, kwa sababu TRA haiwezi kulalamika kwamba imepelekewa zaidi. Anayeweza kuligundua ni mwenye mshahara akiwa na kalamu na dakika tano.

Kuna uzushi mmoja wa ofisini unaostahili kuzikwa, nao ni kwamba nyongeza ya mshahara inaweza kukupunguzia fedha kwa "kukupandisha daraja la kodi". Nimewasikia watu wazima, wenye digrii, wakishauriana kukataa nyongeza. Tumpandishe mwalimu wetu hadi 900,000. NSSF inakuwa 90,000, kinachotozwa kodi kinakuwa 810,000, na sehemu ya juu yake sasa imegusa daraja la asilimia 25. Lakini ni zile 50,000 tu zilizovuka 760,000 zinazotozwa asilimia hiyo. Zilizo chini yake zinaendelea kutozwa kama zamani. Kodi ni 68,000 jumlisha 12,500, yaani 80,500. Bodi inachukua 135,000. Mkononi anabaki na 594,500, akiwa amepata 54,500 zaidi ya mwezi uliopita. Unaweza kusema kwa haki kwamba nyongeza ya laki moja imemegwa karibu nusu. Huwezi kusema imemrudisha nyuma. Kwa viwango hivi kodi haiwezi kumrudisha mtu nyuma.

Asilimia 8 ya chini ina historia ya majukwaani. Mei Mosi 2016, Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kwamba kiwango hicho kingeshuka kutoka asilimia 11 hadi 9. Mei Mosi 2021, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kukishusha hadi 8. Matangazo yote mawili yalipokewa kwa vifijo, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeyadai kwa miaka. Lakini ichukue hiyo ya pili uipime. Asilimia moja ya shilingi 250,000, ambayo ndiyo sehemu yote inayotozwa kiwango hicho, ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Hakuna mfanyakazi aliyepata zaidi ya hapo, awe mhudumu au mkurugenzi.

Nafuu kubwa ilikuja katikati ya matangazo hayo mawili, kupitia Sheria ya Fedha ya 2020. Kiwango kisichotozwa kodi kilipandishwa kutoka 170,000 hadi 270,000, na madaraja yaliyofuata yakapanuliwa. Mtu ambaye kipato chake cha kutozwa kodi ni 720,000, kama mwalimu wetu, chini ya viwango vya kabla ya Julai 2020 angelipa 98,100. Baada ya mabadiliko hayo alilipa 62,500, na baada ya Mei Mosi ya Mwanza akalipa 60,000. Kwa hiyo siku bajeti ikisomwa bungeni mwezi Juni, usisikilize asilimia peke yake. Sikiliza madaraja yanaanzia wapi na kuishia wapi. Humo ndimo fedha yako ilimo.

Sasa niseme jambo ambalo wahasibu wengine watalipinga: mstari wa PAYE, unaolalamikiwa kuliko yote, ndio unaopaswa kukunyima usingizi kidogo kuliko yote. Sheria inamwajibisha mwajiri. Akikata asipeleke, TRA itamwandama yeye, na wewe hupotezi mafao yoyote kwa uzembe wake. NSSF ni habari nyingine. Kisheria huko nako mdaiwa ni mwajiri, na Mfuko una nguvu ya kumtoza adhabu na kumfikisha mahakamani, lakini mwenye njaa mambo yakiharibika ni wewe.

Tazama kinachotegemea ile michango. Pensheni ya kila mwezi inataka uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Fao la upotevu wa ajira, linalomlipa aliyeachishwa kazi theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita, linataka angalau miezi 18. Fao la uzazi nalo lina masharti yake ya michango. Miezi inayohesabiwa ni ile iliyoingia Mfukoni. Ulioandikwa kwenye slipu tu hauhesabiwi. Msichana aliyefanya kazi miaka miwili akakatwa kila mwezi, akapunguzwa kazini, akaenda dirishani na kukuta miezi 11 tu imepelekwa, atakuwa na kesi nzuri na mfuko mtupu. Kesi itachukua muda. Kodi ya nyumba haisubiri.

Kwa hiyo mwezi wa tatu au wa nne wa ajira, nenda ofisi ya NSSF na namba yako ya uanachama, au ingia kwenye huduma zao za mtandaoni, uombe taarifa ya michango. Ni orodha ya mwezi, mshahara uliotumika kukokotoa, kiasi kilichoingia. Tazama vitu viwili. Kwanza, mapengo: kuna miezi iliyorukwa? Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kupeleka, kwa hiyo pengo la mwezi uliopita si hoja, ila pengo la miezi minne iliyopita ni hoja. Pili, kiasi. Kwa mwalimu wetu kila mwezi unapaswa kuonyesha 160,000, si 80,000. Mchango ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya asilimia 10. Nusu nyingine ni ya kwake na haionekani kwenye slipu zote. Ukiona inaingia 80,000 tu, maana yake mwajiri anapeleka fedha yako na kuiacha ya kwake. Kagua taarifa hiyo kila baada ya miezi michache. Kupeleka malalamiko ya mapengo mawili ni mazungumzo na mhasibu; kupeleka malalamiko ya mapengo arobaini ni vita.

Bodi ya Mikopo nayo inataka kufuatiliwa, kwa sababu deni lako linapungua kwa kile kilichofika. Mwajiri ana siku 28 za kuiarifu Bodi kwamba amemwajiri mnufaika, kisha hutakiwa kupeleka makato kila mwezi. Bodi hukutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na makato yakipelekwa chini ya namba yenye tarakimu moja iliyokosewa yanaweza kuhangaika muda mrefu bila mwenyewe. Omba taarifa ya deni. Linganisha na slipu. Na kama wewe ni mnufaika na slipu yako haina mstari wa HESLB, usishangilie: deni lipo palepale, limekaa linakungoja.

Umeona kwamba makato ya Bodi hayakupunguza kodi. Yanakatwa baada ya kodi kuhesabiwa, sawa na mkopo wa SACCOS na michango ya chama.

Mtumishi wa serikali anasoma slipu tofauti kidogo. Ana cheki namba, mfuko wake ni PSSSF, ulioanzishwa 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF, na mgawanyo wake ni mzuri kuliko wa sekta binafsi: yeye hukatwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi, serikali huchangia 15. Hukatwa pia asilimia 3 ya bima ya afya ya NHIF, na kama ni mwalimu mwanachama wa Chama cha Walimu, CWT, asilimia 2 ya chama. Kwa mshahara uleule wa 800,000, bila deni la Bodi, angebaki na 652,000. Mwenzake wa shule binafsi, bila deni hilo, angebaki na 660,000. Karibu sawa, ila mmoja ana bima ya afya ndani yake na mwingine huenda hana.

Na kuna tofauti ambayo watu wa sekta binafsi wakiielewa hukasirika. Sheria ya Kodi ya Mapato inaziacha nje ya kodi baadhi ya posho za mtumishi wa serikali: nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada, mazingira magumu. Posho hizohizo zikilipwa kwa fedha taslimu na mwajiri binafsi ni sehemu ya mshahara na zinatozwa kodi. Kwa hiyo usimwamini rafiki yako wa halmashauri anapokuambia kwamba posho ya nyumba haikatwi. Yeye anasema kweli, na wewe unakatwa.

Hilo linatufikisha kwenye mchezo ambao waajiri kadhaa huupenda. Badala ya kukuandikia 800,000, wanakuandikia mshahara wa msingi 300,000 na "posho mbalimbali" 500,000. Kijana anaangalia jumla, anaona ni ileile, anasaini. Kwa kodi hakupata chochote. Ila sasa mwajiri anaweza kutaka kuchangia NSSF kwenye 300,000 pekee. Saa za ziada, ambazo sheria inataka zilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, zimekuwa rahisi. Kiinua mgongo, siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka kumi, nacho kimesinyaa kabla hujaanza kazi. Mazungumzo ya mshahara yafanyike juu ya mshahara wa msingi. Vivyo hivyo anayekuahidi "laki sita na nusu mkononi, mengine tuachie sisi": mwambie akuandikie mshahara ghafi kwenye mkataba, maana humo kwenye "mengine" ndimo michango yako inamopotelea.

Keshia na wauzaji wa dukani wana mstari mwingine, ule wa shoti. Droo imepungua 40,000, mwisho wa mwezi zimekatwa. Sheria haimruhusu mwajiri kufanya hivyo kwa kutaka kwake. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, uwe umekubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Kikao cha dakika mbili mlangoni mwa stoo hakitimizi hata moja ya hayo.

Wengine, na idadi yao mijini naiona ikikua, hawapewi mkataba wa ajira kabisa. Wanaambiwa ni "mshauri" au "mtoa huduma", wanakuja saa mbili asubuhi, wanaomba ruhusa kwenda kuzika, wana meneja, lakini slipu yao ina mstari mmoja tu: kodi ya zuio, asilimia 5. Mkononi inapendeza. Kwenye 800,000 anabaki na 760,000. Lakini ile asilimia 5 si mwisho wa kodi yake, ni malipo ya awali. Mbele ya TRA huyu ni mfanyabiashara: anatakiwa kupeleka makadirio ya mapato mwanzoni mwa mwaka, kulipa kwa awamu nne, na kuwasilisha ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, akitoa vyeti vyake vya kodi ya zuio ili vipunguze anachodaiwa. NSSF hana asipojiunga mwenyewe. Notisi ya kuachishwa hana, kiinua mgongo hana. Ukisaini mkataba wa namna hii, dai cheti cha kodi ya zuio kwa kila malipo na ukitunze. Bila cheti, ni vigumu kuthibitisha kwamba ulikatwa. Na kama unafanya kazi kama mwajiriwa kwa kila hali, fahamu kwamba sheria ya kazi hutazama unavyofanya kazi, si jina lililo juu ya mkataba.

Mwajiriwa wa kawaida, kwa bahati nzuri, ana makaratasi machache. Siku ya kwanza ataombwa kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi (TIN), namba ya NSSF au fomu ya kujiunga, akaunti ya benki, na kama alikopeshwa na Bodi, ile namba ya kidato cha nne. TIN hutolewa bure. Anayekutoza "ya haraka" anakuuzia kitu chako mwenyewe. Baada ya hapo, kama kipato chako chote ni mshahara mmoja unaokatwa PAYE, huhitaji kuwasilisha ritani ya mwaka. Ndugu zetu wa Kenya hawana raha hiyo: mwajiri huwapa fomu P9 yenye mapato na makato ya mwaka mzima, na kila mmoja lazima awasilishe ritani kwa mamlaka yao ya mapato, KRA, kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hadaiwi senti. Ukiona wanalalamika mtandaoni kila Juni, si lako hilo, usiingie kwenye mfumo wa TRA kwa hofu.

Lako litakuja ukipata kazi ya pili. Unafundisha Morogoro wiki nzima, chuo fulani kikakuajiri jioni kwa 300,000. Umezoea kwamba 270,000 za kwanza hazitozwi, unategemea kodi ya shilingi elfu mbili tatu. Kodi ya ajira ya pili haipiti kwenye madaraja: ni asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza, kwa sababu msamaha wa 270,000 umeshautumia kwenye ajira kuu. Mwambie mhasibu wa chuo mapema kwamba una ajira nyingine, akukate inavyotakiwa. Na kama siku moja utaacha ya kwanza na kubaki na ya jioni, mwandikie barua mwezi uleule, umpe nakala ya barua yako ya kuacha kazi. Vinginevyo ataendelea kukukata asilimia 30 kama mwenye kazi mbili, na hapo pia hakuna kengele itakayolia.